Kabla Hujapakua Upya: Kutafuta Zana Zinazokosekana Kwenye Kompyuta ya Mwandishi wa Programu

"Shikamoo kaka. Nimeisakinisha mara tatu na bado inasema haipo."

Aliyesema hivyo ni binti wa mwaka wa kwanza chuoni, karudi nyumbani Gungu, hapa Kigoma, kwa likizo. Alinifuata Mwanga Jumamosi mchana, kompyuta mpakato kaikumbatia kifuani, bando la wiki limekwisha, na kazi ya kukabidhi Jumatatu haijaanza. Alikuwa amepakua gcc, kompaila (kitafsiri cha programu) ya lugha ya C, mara tatu. Kila alipoandika jina la kompaila hiyo kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri, Windows ilimjibu kwamba haitambui neno hilo kama amri.

Niliitikia, nikamkalisha, nikaandika mstari mmoja:

`where /R C:\ gcc.exe`

Baada ya muda jibu likaja. Gcc ilikuwa ndani ya `C:\msys64\ucrt64\bin`, palepale ilipowekwa siku ya kwanza.

"Kumbe ipo?"

"Ipo, mdogo wangu. Haionekani tu."

Nimekaa na vijana wengi wanaojifunza kuandika programu hapa Kigoma, na kosa hili ndilo naliona linawala fedha na moyo kuliko jingine lolote. Kompyuta ikisema kitu hakipo, wao wanasikia kwamba hakipo duniani. Wanafuta kila kitu, wanaunga bando, wanapakua upya, na tatizo linawasubiri palepale walipoliacha. Kompyuta haijadanganya. Ilichosema ni hiki: nimekitafuta pale nilipoambiwa nikitafute, sikukiona. Ukilisikia jibu kwa maana hiyo, swali lako la kwanza linabadilika. Badala ya kuuliza nipakue wapi, unauliza nani anakitafuta, na anakitafuta wapi.

Mtoto aliyetumwa mawese

Mama anamtuma mtoto mawese. Hamwambii azunguke mji mzima. Anampa mpangilio: anza kwa jirani pale kona, ukikosa nenda genge la pili, ukikosa shuka sokoni. Mtoto anafuata kama alivyoagizwa. Akiyakuta kwa jirani ananunua hapohapo na kurudi, hata kama ni ya zamani na sokoni kuna mapya yaliyokamuliwa jana. Na akifika mwisho wa maagizo bila kuyapata, anarudi na kusema, "Mama, hakuna mawese." Kigoma hii, yenye michikichi kila upande! Lakini mtoto kasema kweli yake.

Kompyuta yako inafanya hivyo hivyo kila unapoandika amri. Haipekui diski nzima, maana ingechukua dakika nyingi kwa kila neno. Inayo orodha ya folda iitwayo PATH. Inaanza na folda ya kwanza, inakwenda ya pili, ya tatu, na inasimama pale inapokuta faili lenye jina ulilotaja. Orodha ikiisha, inarudi mikono mitupu.

Kuiona orodha hiyo, kwenye dirisha la amri la Windows andika `echo %PATH%`. Kwenye PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows, andika `$env:Path -split ';'` nayo itapangwa mstari kwa mstari. Kwenye Linux ni `echo $PATH`. Folda hutenganishwa kwa nukta mkato kwenye Windows, na kwa nukta mbili kwenye Linux. Kumwonyesha binti yule kompaila yake tuliongeza folda moja tu, `C:\msys64\ucrt64\bin`, kwenye orodha. Hatukupakua hata kilobaiti.

Hapo ndipo wengi hukwama mara ya pili. Wanaongeza folda, wanarudi kwenye terminali ileile iliyokuwa wazi, wanaandika amri, na jibu ni lilelile. Sababu ni kwamba kila programu hupewa nakala ya PATH wakati inapozaliwa, na hubaki na nakala hiyo mpaka inapofungwa. Terminali iliyofunguliwa kabla ya mabadiliko haina habari nayo. Na terminali iliyo ndani ya Visual Studio Code inarithi nakala ya Visual Studio Code yenyewe, kwa hiyo kufungua kidirisha kipya cha terminali humo ndani hakusaidii: funga programu nzima, madirisha yake yote, ufungue upya. Nimeona mtu akipoteza usiku mzima kwa ajili ya hilo peke yake.

Kuna mambo mengine ya PATH ambayo hayaandikwi sana kwenye masomo ya kuanzia, nami nataka uyajue.

Windows ina orodha mbili, ya mfumo na ya mtumiaji. Inaziunganisha ikitanguliza ya mfumo. Kwa hiyo ukiweka Java mpya kwenye orodha yako binafsi, na Java ya zamani imo kwenye orodha ya mfumo, ya zamani ndiyo itakayojibu. Mtoto kakuta mawese kwa jirani, hakufika sokoni.

Amri ya `setx`, ambayo maelekezo mengi huitumia kuongeza folda, hukata maandishi yakizidi herufi 1024. Kama PATH yako ni ndefu, amri hiyo inaweza kuufyeka mkia wa orodha, na kesho yake zana tatu ambazo hukuzigusa zinakuwa "hazipo". Tumia dirisha la mipangilio la Windows la kuhariri vigeu vya mazingira, PATH ikiwa kimojawapo. Linakuonyesha folda moja moja, na unaweza kupandisha moja juu ya nyingine.

Na `where`, amri nzuri inayokwambia ni faili lipi hasa linalojibu jina fulani, haifanyi kazi hiyo kwenye PowerShell, kwa sababu huko neno hilo ni jina la mkato la amri nyingine kabisa. Haitoi hata kosa, inanyamaza tu, na ukimya huo unaweza kuuchukulia kuwa ni "hapana". Andika `where.exe python` au `Get-Command python`. Kwenye Linux ni `type -a python3`, ambayo inaorodhesha zote zilizopo kwa mpangilio wa kupatikana. Wa kwanza kwenye jibu ndiye anayekuhudumia, wengine wamo kwenye foleni nyuma yake.

Kihariri hakina kompaila tumboni

Jambo moja la haraka, kwa sababu linawapata wote wanaoanza. Visual Studio Code na Visual Studio ni vitu viwili tofauti, ingawa vinatoka kampuni moja na majina yanafanana. Ya kwanza ni kihariri: daftari zuri la kuandikia lenye rangi na mapendekezo. Ndani yake hakuna kompaila ya C wala Python wala Java. Hata ukisakinisha kiongezi cha C++ ndani yake, umeongeza ufahamu wa lugha, hujaongeza mashine ya kuitafsiri. Ya pili, Visual Studio, ni karakana kamili, lakini nayo huja ikiwa tupu mpaka uchague furushi la kazi unalotaka. Mtu aliyeisakinisha bila kuweka alama kwenye furushi la C++ atakuta kompaila haipo, na safari hii kweli haipo. Dawa yake ni kufungua kisakinishi cha Visual Studio, kubonyeza kitufe cha kurekebisha, na kuongeza furushi hilo. Usiondoe programu nzima.

Kosa la aina hiyo huwapata pia watu wa Python. Baadhi ya vifurushi vyake vina sehemu zilizoandikwa kwa C, na pip, kisakinishi cha vifurushi vya Python, isipopata kifurushi kilichokwisha kutafsiriwa kwa ajili ya toleo lako la Python, hujaribu kukitafsiri yenyewe, kisha inalalamika kwamba inahitaji Visual C++ 14 au zaidi. Mara nyingi njia nyepesi ni kutumia toleo la Python lililotangulia kwa mwaka mmoja au miwili, ambalo watengenezaji wa kifurushi hicho wamekwisha kuliandalia. Hiyo inakuepusha kupakua gigabaiti kadhaa za kompaila.

Java: hesabu ya kutoa 44

Kwa Java tatizo la kawaida si kukosa, ni kuwa nazo nyingi. Andika `java -version`, kisha `javac -version`. Ya kwanza ni ya kuendesha programu, ya pili ni ya kuzitafsiri. Zikitoa namba tofauti, ujue una Java mbili na kila moja imekaa mahali pake kwenye PATH. Ikiwa ya kwanza inajibu na ya pili haijulikani, una mazingira ya kuendeshea tu, nawe unahitaji JDK, furushi lenye `javac` ndani yake.

Halafu kuna kigeu cha JAVA_HOME. Zana za kujenga miradi kama Gradle na Maven hukiangalia hicho. Kinatakiwa kielekeze kwenye folda ya JDK yenyewe, isiwe folda ya `bin` iliyo ndani yake. Ukiandika mpaka `bin`, Gradle itasema folda hiyo si sahihi, na kosa lako ni herufi tatu za ziada.

Lipo kosa jingine linalowatisha vijana kwa sababu linakuja na namba: Java inalalamika kwamba haikubali faili la darasa (programu ya Java iliyokwisha kutafsiriwa) la toleo kuu la 65. Chukua namba hiyo, utoe 44. Unapata 21. Maana yake faili hilo limetengenezwa kwa Java 21, na anayelisoma ni mzee zaidi, halielewi. Ukiona 61 ni Java 17, 55 ni Java 11, 52 ni Java 8. Kwa kutoa tu, umejua ni Java gani inayogombana na kitu gani. Kosa hili hujitokeza sana kwenye miradi ya Android ambako Gradle ya zamani imekutana na Java mpya. Gradle ilianza kuweza kuendeshwa na Java 21 kuanzia toleo la 8.5, na kiongezi cha Android cha Gradle, toleo la 8.0, kinadai Java 17 au zaidi. Kwa hiyo unaweza kuwa na Java iliyo mpya mno kwa upande mmoja, na iliyo ya zamani mno kwa upande mwingine.

Na kwa nini mradi unakubali ndani ya Android Studio, karakana ya programu za Android, lakini unagoma ukiuendesha kwenye terminali? Kwa sababu Android Studio huja na Java yake mwenyewe ndani ya folda iitwayo `jbr`, na kwa kawaida inatumia hiyo. Terminali haina habari nayo, inatumia JAVA_HOME au PATH. Watafutaji wawili, maagizo mawili.

Vipande vya Android

Watu husema "SDK ya Android", yaani zana za kutengenezea programu za Android, kana kwamba ni kitu kimoja. Ni sanduku lenye visanduku ndani, na ukijua kila kisanduku kina nini, nusu ya maswali yanakwisha. Kisanduku cha `platform-tools` ndicho chenye adb, ile inayozungumza na simu. Cha `build-tools` kina zana za kufunga programu iwe faili la APK. Cha `platforms` kina matoleo ya Android yenyewe kwa namba zake: 34 ni Android 14, 35 ni Android 15. Kama mradi umeandikwa kwamba unatafsiriwa kwa 34 na wewe una 33 peke yake, utaambiwa kuna kipande kinakosekana, na kweli kinakosekana. Pakua hicho kimoja.

Kisanduku kinachosumbua zaidi ni `cmdline-tools`. Mtu anayetumia Flutter, zana ya kutengenezea programu za simu, akiandika `flutter doctor` mara nyingi huambiwa hakipo, kwa sababu hakisakinishwi kila mara pamoja na vingine. Unaweza kukichagua kwenye kidhibiti cha SDK ndani ya Android Studio. Lakini ukikipakua kwa mkono kama faili la zip, jihadhari na mahali pa kukiweka. Ukifungua zip unapata folda ya `cmdline-tools` yenye `bin` na `lib` ndani yake. Zana haitaki ziwe hapo moja kwa moja. Inataka kuwe na folda nyingine katikati, kwa kawaida `latest`, ili njia isomeke `cmdline-tools/latest/bin`. Usipoiweka hivyo, `sdkmanager` itakataa ikisema haijui mzizi wa SDK uko wapi. Kila kitu kipo, kimekaa chumba kisicho chake.

Baada ya hapo kuna leseni. `flutter doctor --android-licenses`, unakubali moja baada ya nyingine. Leseni isiyokubaliwa huzuia upakuaji wa vipande, na kosa linaloonekana mwisho ni la kipande kukosekana. Soma mistari ya juu ya kosa, usiishie ule wa chini.

Mahali penyewe pa SDK kwenye Windows, kama hukubadilisha, ni ndani ya folda yako ya mtumiaji, kwenye `AppData\Local\Android\Sdk`. AppData imefichwa, ndiyo maana vijana wengi wakiitafuta kwa macho hawaioni na wanaamini haikusakinishwa. Na kila mradi una faili dogo, `local.properties`, lililoandikwa njia ya SDK ya kompyuta ile. Ukipewa mradi na rafiki kwenye flashi, faili hilo limebeba njia ya kompyuta ya rafiki yako, yenye jina lake. Lifute. Android Studio italiandika upya kwa njia yako.

Python mbili ndani ya nyumba moja

Tangu mwaka 2019, Windows 10 huja na kijifaili cha jina la python kisicho na Python ndani yake: kazi yake ni kukufungulia duka la programu. Kwa hiyo unaandika `python`, duka linafunguka, na unashangaa. Ukitazama kwa `where.exe python` utaona njia inayoishia `WindowsApps`. Kama umesakinisha Python kwa kutumia kisakinishi chake, ile alama ya kuiongeza kwenye PATH, iliyo chini kabisa ya dirisha la kwanza, huwa haijawekwa. Ni wewe unayeiweka. Ukiisahau, jaribu `py`, ambayo hufika bila msaada wa alama ile. `py -0` itakuorodheshea Python zote zilizomo.

Kinachochanganya zaidi ni hiki: pip inasema kifurushi kimesakinishwa, Python inasema hakuna moduli ya jina hilo. Zote mbili zinasema kweli. Pip imekiweka kwenye Python moja, na wewe unaendesha nyingine. Acha kuandika `pip install` peke yake. Andika `python -m pip install`, na hapo ni Python ileile unayoiita ndiyo inayopokea kifurushi. Ukitaka kujua unazungumza na ipi, `python -c "import sys; print(sys.executable)"` itakutajia njia kamili. Na kwa kila mradi tengeneza mazingira pepe kwa `python -m venv`, kila mradi uwe na kabati lake.

Majina nayo. Kifurushi unachokiita `cv2` kwenye programu yako, kwenye pip kinaitwa `opencv-python`. `PIL` ni Pillow, `sklearn` ni `scikit-learn`, `yaml` ni PyYAML. Mtu anaandika `pip install cv2`, anakosa, anahitimisha kwamba kimeondolewa. Kingine: kijana alikuja na programu ya kuchagua namba kwa bahati nasibu, ikisema moduli ya `random` haina kazi inayojulikana na kila kitabu cha mwanzo. Faili lake mwenyewe aliliita `random.py`. Python hutafuta kwanza kwenye folda ya programu inayoendeshwa, ikalikuta hilo, ikaridhika. Tulibadilisha jina la faili, mambo yakaisha.

Usiokote DLL barabarani

Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu si suala la bando tena. Programu ikifunguka na kusema `vcruntime140.dll` au `msvcp140.dll` haipo, watu wengi hutafuta jina hilo mtandaoni, wanaangukia ukurasa unaogawa faili moja moja za DLL (vipande vya programu vinavyotumiwa na programu nyingine), wanapakua, wanaibandika ndani ya Windows. Faili hilo ni programu inayotekelezwa. Hujui nani kaligusa, na unalipeleka moyoni mwa mfumo kwa mkono wako mwenyewe. Faili hizo mbili ni za kifurushi cha Microsoft cha Visual C++ cha kuendeshea, kinachohudumia programu zilizotengenezwa kwa Visual Studio kuanzia 2015. Kinapatikana bure kwa Microsoft wenyewe, ni kidogo, na kinaweka faili zote mahali pake.

Sakinisha cha biti 64 na cha biti 32 pia, kwani programu ya biti 32 haiwezi kutumia DLL ya biti 64. Kwenye Windows ya biti 64, folda ya `System32` ndiyo yenye faili za biti 64, na za biti 32 zimo kwenye `SysWOW64`. Majina yanasema kinyume cha kilichomo, kwa ajili ya kutunza upatanifu na programu za zamani. Aliyebandika faili kwa kufuata majina ataziweka kinyume, na programu itakufa na namba 0xc000007b.

Linux ina ndugu yake wa tatizo hili. `ldd` ikifuatiwa na njia ya programu itakuonyesha maktaba zote inazozihitaji na zipi hazikupatikana. Na kompaila ikilalamika kuhusu faili linaloishia na `.h`, mfano `Python.h`, maktaba yenyewe unaweza kuwa nayo. Unachokosa ni kifurushi chake cha watengenezaji, kile kinachoishia na `-dev`, hapa `python3-dev`. Kuendesha programu hakuhitaji faili hizo, kutafsiri kunahitaji.

Kipo, lakini nusu

Kigoma kwa miaka mingi iliishi kwa umeme wa jenereta za dizeli, na sisi tulioanza kompyuta miaka hiyo tunajua maana ya upakuaji kukatika kwenye asilimia 90. Faili lililokatika lina jina kamili na liko mahali sahihi, ndiyo maana linapoteza watu. Gradle ikisema haioni mwisho wa faili la zip, karibu kila mara ni hilo: ilianza kupakua toleo lake, zaidi ya megabaiti 100, mtandao ukaondoka, nusu ikabaki. Nenda kwenye folda yako ya mtumiaji, `.gradle\wrapper\dists`, ufute folda ya toleo hilo pekee, kisha ujaribu tena mtandao ukiwa umetulia.

Kwa mafaili makubwa ninapendelea kupakua kwa `curl.exe -L -C - -O` ikifuatiwa na anwani. Ile `-C -` inaifanya iendelee ilipoishia badala ya kuanza sifuri. Ukimaliza, pima alama ya faili, ile inayokokotolewa kutokana na kilichomo ndani yake: `certutil -hashfile faili.zip SHA256` kwenye Windows, `sha256sum` kwenye Linux. Linganisha herufi 64 zinazotoka na zile zilizochapishwa na watengenezaji. Zikilingana faili ni zima. Dakika moja hiyo ingewaokoa wengi niliowaona wakirudia usakinishaji wa faili bovu lilelile kutoka kwenye flashi ileile iliyozunguka darasa zima.

Orodha ya makasha

Watu wa hapa tunaijua meli ya Liemba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikafungwa ndani ya makasha yapatayo 5,000, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam, ikapanda reli ya kati, ikaunganishwa hapa Kigoma na kuingia ziwani mwaka 1915. Ninapowafundisha vijana juu ya vitegemezi, yaani vifurushi ambavyo mradi unavihitaji, huwa nawauliza: waliwezaje kuiunganisha huku, mbali namna hii na karakana, pasipo njia ya kurudi kuchukua boliti? Lazima palikuwa na mtu aliyeandika nini kimo kwenye kasha lipi, na kila kipande kinashika kipi.

Mradi wa programu unaosafiri kutoka kompyuta moja hadi nyingine unataka maandishi hayohayo. Kwa Python ni `requirements.txt`, kwa Node (ya kuendeshea JavaScript) ni `package.json` pamoja na `package-lock.json`. Faili la pili linaonekana kama takataka ndefu, na wengi hulifuta au hawalitumi. Usilifute. La kwanza husema "nataka kifurushi hiki, toleo la karibu na hili", la pili husema "toleo hili hasa, na vitegemezi vyake hivi hasa". Ukiwa nalo, `npm ci` inafuta folda ya `node_modules` na kuijenga upya sawasawa na lilivyoandikwa. Usipokuwa nalo, utapata matoleo ya leo, na mradi uliokubali mwezi uliopita unaweza kugoma bila mtu kugusa mstari wowote. Folda ya `node_modules` yenyewe haina haja ya kusafiri.

Na kama unajua unakwenda mahali mtandao ni wa shida, funga makasha yako kabla. `pip download -r requirements.txt -d vifurushi` inashusha vyote ndani ya folda, na kule uendako `pip install --no-index --find-links vifurushi -r requirements.txt` inavisakinisha bila mtandao kabisa. Hakikisha tu kompyuta zote mbili zina mfumo endeshi na toleo la Python linalofanana, la sivyo umebeba makasha ya meli nyingine. Gradle ina `--offline`, inayotumia ilichokwisha kupakua. Kisakinishi cha Visual Studio kina `--layout`, kinachoandaa nakala nzima kwenye diski ya nje. Hiyo ni kubwa, tafuta sehemu yenye mtandao wa kasi uifanye mara moja kwa ajili ya darasa zima.

Binti wa Gungu alimaliza kazi yake Jumapili usiku. Kabla ya kurudi chuoni alipita tena Mwanga na diski ya nje ya kuazima. Tulikaa saa tatu tukinakili: MSYS2 (yenye ile gcc yake), JDK 17, vipande vya SDK anavyohitaji, folda ya Gradle, vifurushi vyake vya Python. Kila faili tuliandika jina, toleo, na alama yake ya SHA-256 kwenye karatasi, naye akaibandika kwa selotepu nyuma ya diski.

"Na nikikuta wenzangu wanasema kitu hakipo?"

"Waulize kwanza wamekitafuta wapi."